Tathmini: Vituo vya Mkono kwa Mkono, Bara na Visiwani

Kama umefanyiwa ukatili wa kingono, au unamsindikiza aliyefanyiwa, na kuna kituo cha mkono kwa mkono unachoweza kukifikia ndani ya saa chache, nenda huko kabla ya kwenda kwingine kokote. Hatujui huduma nyingine nchini Tanzania inayomkutanisha mtu na daktari, polisi, afisa ustawi wa jamii, mshauri nasaha na mtu wa sheria mahali pamoja, bila malipo. Tunaitoa hukumu hii mapema kwa sababu mengi yanayofuata ni kasoro, na tusingependa mwenye shida ya leo akatishwe tamaa nazo.

Vituo hivi havilingani. Viwili vyenye kibao kilekile vinaweza kutoa huduma zisizofanana hata kidogo, na kinachovitofautisha hakionekani kwa anayepita mlangoni: nani ameshika ufunguo wa kabati la vielelezo, nani ananunua umeme wa LUKU, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto yuko wapi saa nne usiku. Hayo ndiyo tuliyoyapa uzito.

Mzunguko wa zamani anaujua kila aliyefanya kazi ya ustawi. Mtu anaanzia kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, anasimulia yaliyompata pale kaunta mbele ya watu waliokuja kuwadhamini ndugu zao. Anapanda gari hadi hospitali, anapanga foleni na wagonjwa wengine, anasimulia tena kwa nesi, kisha kwa daktari. Fomu ikishajazwa anairudisha polisi. Akiwa mtoto, au akiwa hana pa kulala, anaelekezwa Ustawi wa Jamii, ofisi iliyoko halmashauri. Akitaka msaada wa kisheria anatafuta shirika kwa kuulizia. Kila hatua ina nauli yake, na katika kila nauli kuna watu wanaoishia hapo. Huku saa zinakwenda: PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na ushahidi ulioko mwilini unapungua kadiri mtu anavyochelewa.

Wazo la kuziweka ofisi hizi chini ya paa moja lilijaribiwa Hospitali ya Kuala Lumpur, Malaysia, mwaka 1994, mashirika ya wanawake yakishirikiana na hospitali. Afrika Kusini ilianza vituo vyake vya Thuthuzela mwaka 2000, Manenberg, Cape Town, chini ya ofisi ya mashtaka. Nairobi, hospitali ya Nairobi Women's ilifungua kitengo chake mwaka 2001, na hospitali kuu ya Mombasa ikafuata mwaka 2007. Rwanda ilifungua kituo chake cha Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Julai 2009, kisha ikakipeleka kielelezo hicho kwenye hospitali za wilaya. Kwetu, Zanzibar ndiyo iliyotangulia: kituo cha Mnazi Mmoja kilianza mwaka 2011 kwa msaada wa Save the Children. Bara ilifuata mwaka 2013 katika Hospitali ya Amana, Ilala. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, ukavifanya vituo hivi kuwa sehemu ya kazi ya serikali.

Tazama nani anamwajiri nani, maana ndipo mambo mengi yanapoanzia. Daktari na nesi wako chini ya hospitali. Askari yuko chini ya kamanda wake. Afisa ustawi wa jamii, kwa Bara, ni mtumishi wa halmashauri. Mshauri nasaha mara nyingi analipwa na mradi wa shirika, na mwanasheria au msaidizi wa kisheria anatoka katika mashirika kama TAWLA na WLAC Bara, au ZAFELA Zanzibar. Watu watano, mabwana wanne au watano, na hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumwandikia mwenzake barua ya onyo. Mratibu wa kituo, akiwepo, anaomba tu. Kwa hiyo kituo hukimbia au hukwama kwa nguvu ya makubaliano yaliyoandikwa kabla ya kufunguliwa, na kama makubaliano hayo hayapo, kinabaki kwa hisani ya watu waliopo. Wakihamishwa, hisani inahama nao.

Huduma inavyopaswa kwenda

Manusura akifika anapokewa na mtu mmoja, kwa kawaida nesi au afisa ustawi, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuuliza maswali matatu tu: umeumia wapi, imetokea lini, uko salama kurudi ulikotoka? Hadithi nzima haiulizwi mapokezini. Jibu la "lini" ndilo linalopanga foleni: aliye ndani ya saa 72 anapita mbele ya kila mtu, hata kama mwingine amekuja asubuhi na mapema.

Tiba inatangulia fomu. Hili tunalisisitiza, maana bado kuna milango ambako mtu anaambiwa arudi polisi kwanza "kufuata PF3" akiwa anavuja damu. Miongozo ya afya haitaki hivyo: mtu anatibiwa, fomu inafuata. Katika kituo kinachofanya kazi, askari aliyeko chumba cha pili anaileta PF3 wakati nesi anaandaa vifaa, na hapo ndipo paa la pamoja linapolipa gharama yake yote. Safari ya nusu siku inakuwa hatua kumi za ukumbini.

Kisha uchunguzi, mara moja, kwa ridhaa iliyoandikwa, sampuli za ushahidi zikichukuliwa humohumo wakati wa uchunguzi wa tiba ili mwili usiguswe mara ya pili. Ndani ya ziara hiyohiyo anapimwa VVU, na akikutwa hana maambukizi anaanza PEP. Kwa mwanamke aliye katika umri wa kushika mimba kuna dawa ya dharura ya kuzuia mimba, levonorgestrel miligramu 1.5 kwa mkupuo mmoja, ambayo inafaa hadi siku tano ingawa ikiwahi ni bora zaidi. Dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda vinafuata kadiri ya hali yake.

Kosa la kawaida hapa ni kutoa PEP kidogokidogo. Dozi ni siku 28, na sehemu nyingine wanampa mtu vidonge vya siku chache kisha wanamtaka arudi kuchukua vingine. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2014 kwamba dozi yote itolewe siku ya kwanza, na sababu ni wazi kwa anayejua maisha ya manusura: hana nauli, au anaishi nyumba moja na aliyemfanyia, au kichefuchefu cha siku za mwanzo kimemfanya aamini dawa inamdhuru. Kituo kizuri kinampa chupa nzima, kinamwambia kichefuchefu hupungua akinywa dawa baada ya chakula au kabla ya kulala, na kinampigia simu siku ya tatu. Vipimo vya kurudia ni wiki ya sita na mwezi wa tatu. Daftari la kituo liwe na safu ya tarehe hizo. Lisipokuwa nayo, jua hakuna anayefuatilia.

Maelezo ya polisi yanachukuliwa baada ya tiba, katika chumba chenye mlango unaofungwa, na afisa ustawi akiwepo kama ni mtoto. Tunachokitazama ni kama wahusika wanakaa pamoja na kusikiliza mara moja, au kama kila mmoja anamwita kwa zamu yake. Kusimulia mara nne ndani ya jengo moja hakuna nafuu kubwa kuliko kusimulia mara nne katika majengo manne. Na mahakamani kuna madhara yake pia: mtoto akisimulia mara nne, maelezo yataandikwa kwa namna nne, na wakili wa utetezi atazisoma tofauti hizo moja baada ya nyingine.

Vyumba

Vyumba vinne ndicho kiwango cha chini tunachokikubali: mapokezi, uchunguzi, ushauri, na maelezo ya polisi. Ongeza choo chenye bomba la kuogea, kwa sababu mtu akishachukuliwa sampuli jambo la kwanza analolitaka ni kuoga, na nguo za kubadili ziwepo, za kike, za kiume na za watoto, maana zake zinabaki kama kielelezo. Kituo kisicho na kabati la nguo kinamrudisha mtu nyumbani na khanga aliyoazimwa na nesi, au kinamwachia nguo zake na ushahidi unafuliwa.

Kuta za jipsamu ndizo adui. Majengo mengi ya pamoja hupatikana kwa kukigawa chumba kimoja kikubwa, na fedha ikiwa ndogo mgawanyo unaishia chini ya dari, juu kukawa wazi kwa ajili ya hewa. Anayesimulia chumba cha ushauri anasikika mapokezi. Jaribio lake ni rahisi: mtu mmoja asome gazeti kwa sauti ya kawaida ndani, mwingine akae kwenye benchi la nje. Akisikia maneno, ukuta ujengwe hadi darini kabla mashine yoyote haijanunuliwa. Tunaiweka faragha ya sauti juu ya samani zote.

Mlango nao una maneno. Kituo kikiwa kando ya lango kuu la hospitali, na kibao kikubwa kimetaja ukatili, kila anayeingia anajulikana mtaani kabla hajatoka. Vituo vilivyofikiriwa vizuri vina njia mbili za kuingilia, au vimekaa karibu na kliniki ya mama na mtoto, ambako mwanamke yeyote anaweza kuonekana bila kuulizwa.

Vielelezo

Hapa ndipo kesi nyingi zinakufa kimyakimya, na hakuna anayejua hadi siku ya mahakama.

Nguo zikaushwe kwa hewa, kila moja peke yake, kisha ziingie kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu, unyevu unaleta ukungu, na ukungu unaharibu vinasaba. Pamba za sampuli nazo zikauke kabla ya kufungwa. Kila bahasha iandikwe namba ya jalada, kilichomo, tarehe, saa, na sahihi ya aliyeifunga, na mdomo wake uzibwe kwa utepe ambao sahihi inapita juu yake. Kila inapohama kutoka mkono hadi mkono, wote wawili wanasaini na kuandika saa. Mahakama itauliza nani alikuwa nayo kati ya Jumamosi jioni na Jumatatu asubuhi. Jibu likiwa "ilikuwa kwenye droo", bahasha imepoteza kazi yake.

Kabati liwe la chuma, funguo mbili tu, moja kwa askari aliyepewa dhamana na ya pili kwa naibu wake aliyetajwa kwa jina kwenye ratiba ya zamu. Friji ya vielelezo isiwe ileile ya chanjo, na kwa hakika isiwe ileile ya chakula cha watumishi. Sampuli zinazohitaji kipimo cha vinasaba zinakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo kituo kiwe kimeshakubaliana nani anazisafirisha na kwa mafuta ya nani. Tatizo la kawaida kabisa ni hili la mwisho: sampuli imechukuliwa vizuri, imefungwa vizuri, kisha inakaa kwa sababu gari la polisi halina mafuta na fungu la hospitali haliruhusu kulipia kazi ya polisi.

Neno kuhusu PF3 yenyewe. Daktari aandike alichokiona: michubuko mingapi, wapi, ukubwa gani, rangi gani, na achore kwenye mchoro wa mwili. Kuandika tu kama bikira ipo au haipo hakusaidii, maana hali hiyo haithibitishi wala haikanushi ubakaji, na mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kabisa. Mwandiko nao usomeke, jina kamili na cheo viwepo. Daktari atahamishwa, kesi itasikilizwa baada ya miezi, na fomu ndiyo itakayobaki ikizungumza kwa niaba yake.

Kuna karatasi nyingine ndogo inayosahauliwa: uthibitisho wa umri. Kwa Bara, kumuingilia msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama anasemwa aliridhia, adhabu ya kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kwa mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Lakini umri wenyewe lazima uthibitishwe mahakamani. Afisa ustawi aombe cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki siku ya kwanza, apige nakala, aweke jaladani, na aandike jina la mzazi atakayesimama kuuelezea. Nakala ya shilingi mia chache inaokoa kesi nzima.

Jalada moja, siri zaidi ya moja

Kushirikiana kunataka taarifa ziende kwa wenzako, na siri inataka zisiende. Vituo vingi huangukia upande mmoja. Kuna vinavyoweka jalada moja mezani, kila mtu analisoma, na majibu ya VVU yanajulikana hadi kwa mlinzi. Kuna vinavyofungia kila kitu, na mwanasheria anamuuliza manusura upya yaleyale aliyokwishamwambia polisi.

Utaratibu tunaoupendekeza ni jalada la namba, bila jina juu, lenye sehemu zinazotenganishwa. Ukurasa wa mbele unasomwa na wote: namba, umri, tarehe ya tukio, hatua zilizokwishachukuliwa, hatua inayofuata na jina la mwenye kuifanya. Majibu ya maabara na maelezo ya ushauri nasaha yanabaki kwa afya na mshauri. Polisi wanahitaji PF3, hawahitaji kujua aliyoyasema mtu akilia kwa mshauri. Mwanasheria anapewa maelezo na PF3 kwa idhini ya maandishi ya mteja. Kwa mtoto idhini inatolewa na mlezi, isipokuwa pale mlezi mwenyewe ndiye mtuhumiwa au anamlinda mtuhumiwa, na hapo afisa ustawi anachukua nafasi hiyo kwa mujibu wa sheria ya watoto. Daftari linaloonyesha majina na namba pamoja liwe moja, lifungiwe, na liwe na mshikaji mmoja.

Usiku na mwisho wa wiki

Ofisi za serikali zinafungwa saa tisa na nusu alasiri. Ukatili mwingi unatokea au kugundulika baada ya hapo: mama amerudi sokoni, mtoto anaogeshwa, baba amerudi amelewa. Kituo cha saa za ofisi kinahudumia wanaoweza kusubiri, na saa 72 hazisubiri.

Hatudai watu watano walale kituoni kila usiku. Hospitali nyingi hazina watumishi hao. Kinachowezekana, na tunajua kinafanya kazi, ni nesi mmoja wa zamu katika idara ya dharura aliyefundishwa, mwenye boksi lililofungwa tayari: dozi nzima ya PEP, kipimo cha VVU, dawa ya dharura ya mimba, bahasha za kaki, pamba, fomu za ridhaa, PF3 kadhaa, nguo za kubadili. Polisi, ustawi na mshauri wanakuwa na zamu ya simu, na namba ziko ukutani, simu ikiwa ni ya kituo na vocha yake imelipiwa. Boksi likitumika usiku, asubuhi linajazwa na mtu aliyetajwa kwa jina. Boksi tupu la Jumamosi usiku ndilo kipimo chetu cha uongozi wa kituo chochote.

Fedha

Shirika hujenga au kukarabati, hununua kitanda, taa, kompyuta na samani, hufundisha watumishi, na kwa miaka miwili au mitatu hulipia mshauri, mafuta na vocha. Kisha mradi unakwisha. Hospitali inabaki na jengo na umeme, na vitu vidogo visivyokuwa na fungu vinakwisha kimoja baada ya kingine. Cha kwanza ni vocha, kisha chai na maandazi ya watoto wanaokaa siku nzima, kisha nauli ya kumrudisha mtu kwao, kisha mafuta. Mshauri anaondoka mwisho, na kituo kinakuwa chumba cha uchunguzi chenye kibao kizuri.

Nauli ndiyo tunayoililia zaidi. Shahidi anayetoka kijijini kwenda mahakama ya wilaya anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, mara nyingi kwa watu wawili, na kesi inaahirishwa mara kadhaa. Fungu dogo la nauli, likisimamiwa na shirika moja kwa stakabadhi, lina faida kuliko kompyuta ya pili.

Shirika linalotaka kuingia katika jengo la hospitali lidai haya kwenye makubaliano kabla ya kununua rangi: nani analipa umeme, maji na usafi, nani anatengeneza kikiharibika, vifaa vitakuwa mali ya nani mradi ukiisha, halmashauri itaingiza kiasi gani kwenye bajeti yake na kuanzia mwaka upi, zamu ni za nani, mtumishi aliyefundishwa hatahamishwa bila mwenzake kupata angalau wiki mbili za makabidhiano, mteja akilalamika analalamika kwa nani. Saini ziwe za mganga mfawidhi, kamanda, mkurugenzi wa halmashauri na mkuu wa shirika. Saini ya mratibu wa mradi peke yake haitoshi, maana ataondoka na mradi.

Kikao cha kesi

Kituo kinachotupa moyo ni kile chenye kikao kila wiki, saa moja, siku ileile, wote wakiwa mezani. Linasomwa kila jalada lililo wazi: hatua ya mwisho, inayofuata, nani, lini. Hakuna hotuba. Kutokana na kikao hicho inagundulika kwamba mtoto hajarudi kupimwa wiki ya sita, kwamba tarehe ya mahakama ni kesho na hakuna aliyemwambia mama, kwamba mtuhumiwa amepata dhamana na amerudi mtaa uleule.

Na inagundulika mapema pia pale muhali, ile haya ya kumkatalia ndugu au jirani, unapoanza kufanya kazi yake. Visiwani na pwani yote tunajua inavyokuwa: mtuhumiwa ni mjomba, ni mwalimu wa chuo cha Kurani, ni jirani wa miaka. Wazee wanakuja usiku, wanazungumza juu ya jina la ukoo, pengine kuna fedha au ndoa inayopendekezwa, na wiki inayofuata mama anakuja kusema mtoto "amesahau". Daktari na polisi hawana dawa ya hilo. Anayeweza kulizuia ni afisa ustawi aliyeitembelea nyumba siku ya tatu badala ya mwezi wa tatu, msaidizi wa kisheria anayemweleza mama kwamba shauri la jinai ni la Serikali na si lake kulifuta, na sheha au mwenyekiti wa mtaa aliyekwishaambiwa kwamba sulhu ya namna hiyo hairuhusiwi. Hapo ndipo mashirika ya mtaani yanapokuwa na thamani kubwa kuliko ofisi za serikali, kwa kuwa yanaishi humo na yanasikia mapema.

Kumwandaa mtoto kwa mahakama nako kufanyike kituoni. Tangu mabadiliko ya sheria ya ushahidi ya mwaka 2016, kwa Bara, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli na kutosema uongo. Kumweleza mapema ahadi hiyo ni nini, nani atakaa wapi, na kwamba anaweza kusema "sijui", ni kazi ya nusu saa. Mtoto asifundishwe cha kujibu, aoneshwe chumba tu.

Kinachokosekana

Kwa haya yote, vituo vyetu vingi vinasimama katika tiba, polisi, ushauri na sheria, na kuishia hapo. Hospitali ya Panzi, Bukavu, mashariki mwa Kongo, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imeongeza nguzo inayomrudisha mtu kwenye maisha: ufundi, elimu, mtaji mdogo, na mahali pa kuishi wakati anajipanga. Mwanamke anayemtegemea aliyemuumiza kwa chakula cha jioni atarudi kwake, hata PF3 ikijazwa kwa wino wa dhahabu. Nyumba salama ni chache, na kituo kinachomalizana na mtu saa kumi na mbili jioni bila kujua atalala wapi hakijamaliza. Vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, misikiti na makanisa yenye vyumba, vyuo vya ufundi vya wilaya: hao ndio wabia ambao tungependa kuwaona katika mikataba ijayo, hata kama hawana ofisi ndani ya jengo.

Kwa anayekwenda

Usioge, usifue, usikate kucha kabla ya kuchunguzwa. Ukishaoga nenda vilevile, dawa bado zina kazi. Nguo ulizokuwa umevaa zibebe kwenye bahasha au zifunge kwa karatasi. Nenda na mtu unayemwamini. Una haki ya kukaa naye. Huduma, dawa na PF3 havilipiwi, na ukiombwa fedha uliza jina la anayeomba, kisha mwone mganga mfawidhi au mkuu wa Dawati. Una haki ya kutibiwa hata kama hujaamua kushtaki, na ya kumtaka mchunguzi wa jinsia yako pale anapopatikana. Kama ni mtoto na hujui kituo kilipo, piga 116 bila malipo, Bara na Zanzibar, wakuelekeze kilicho karibu.